Barua kwa mwanangu: kabla ya kampuni, shika fomu

Mwanangu,

Mbukwenyi, wewe, mkeo na wajukuu wangu. Huku Mpwapwa tu wazima. Upepo wa kutangulia mvua umeshaanza, na kila bati linapogonga usiku nawaza paa la hiyo nyumba yenu mpya ya Iyumbu, hapo Dodoma.

Umeuliza kampuni ipi ya bima ni nzuri kwa nyumba, na kama ukubali ile ambayo afisa mikopo wa benki amekuwekea mezani, maana amesema ukisaini leo mkopo utatoka wiki hii. Nimekusoma vizuri. Ila kuna swali hukuuliza, na ndilo lililomuumiza baba yako mdogo: hiyo nyumba utaandika ina thamani ya shilingi ngapi? Nianze na hilo.

Unaikumbuka nyumba ya baba yako mdogo kule Nkuhungu. Ulikuwa kidato cha pili, ukaenda likizo ukakuta bati limejikunja juu ya mwarobaini wa jirani kama gazeti la kufungia maandazi. Kenchi za upande wa mashariki zote chini, dari la jipsamu limelowa na kuanguka juu ya makochi, na mama yako mdogo amesimama mlangoni ameshika kitasa cha kabati ambalo halipo tena. Kwenye ukoo wetu mpaka leo wanasema bima haikulipa. Ililipa. Ililipa 7,200,000 kwa hasara ya 20,000,000, na hesabu yake haikuwa na kosa hata la shilingi moja. Hapo ndipo uchungu wangu ulipo.

Ilikuwa hivi. Alikopa benki 36,000,000. Wakala wa bima akaja na fomu, akamwuliza deni ni kiasi gani, akaandika 36,000,000 kwenye kisanduku cha thamani ya jengo. Baba yako mdogo akasaini chini. Lakini kuijenga upya nyumba ile, kutoka msingi mpaka rangi, kulihitaji 90,000,000. Maana yake alikatia bima sehemu mbili tu kati ya tano za nyumba yake, na zile tatu alibaki nazo mwenyewe bila kujua. Karibu kila hati ya bima ya jengo ina kanuni ya wastani: ukikatia pungufu, unalipwa kwa uwiano uleule, hata kama hasara yenyewe ni ndogo kuliko kiasi ulichoandika. Watu wengi hapa ndipo wanapopotea. Wanadhani nimekatia milioni 36, hasara ni milioni 20, kwa hiyo nimefunikwa. Sivyo. 36 gawanya kwa 90, zidisha kwa 20,000,000, unapata 8,000,000. Halafu hati yake ilisema asilimia 10 ya kila dai ni mzigo wa mwenye bima, wakaondoa 800,000. Zikabaki 7,200,000. Angeandika 90,000,000 angepata 18,000,000.

Na aliokoa nini? Tuchukue kiwango cha 0.2 kwa mia kwa ajili ya hesabu tu, maana kila kampuni ina chake. Nyumba ya milioni 90 ada yake kwa mwaka ni 180,000, weka VAT ya asilimia 18, ni 212,400. Ya milioni 36 ni 84,960. Tofauti ni 127,440 kwa mwaka. Kwa tofauti hiyo alikosa 10,800,000. Nimeipiga hesabu hii mara nyingi, na kila mara mkono unakuwa mzito kwenye mstari wa mwisho.

Ndiyo maana nakwambia, bima ni fomu. Nilikwambia ulipokata ya gari, na leo nakwambia tena. Hati nene unayopewa baadaye imejengwa juu ya majibu uliyoandika pale. Ijaze kwa mkono wako mwenyewe. Wakala akikwambia wewe saini tu mengine atamalizia ofisini, mwambie asubiri.

Sasa nyumba yako. Usiandike deni la benki, na usiandike bei uliyonunulia, kwa sababu ndani ya bei kuna kiwanja, na kiwanja hakiungui. Kinachotakiwa ni gharama ya kujenga upya. Pima nyumba kwa nje ya kuta, zidisha kwa gharama ya mita moja ya mraba. Mkadiriaji majenzi atakupa namba ya kuaminika, au angalau mafundi wawili wasiofahamiana. Ukisema mita 95 kwa 800,000, ni 76,000,000. Ongeza ukuta wa fensi, geti, tangi na mnara wake, choo cha nje, tuseme 9,000,000. Halafu ongeza kama asilimia 10 ya kubomoa mabaki, kusomba kifusi na kumlipa mchora ramani, kwa sababu nyumba iliyoungua haijengwi juu ya majivu. Unafika 93,500,000. Benki itataka uandike 60,000,000 kwa sababu ndizo inazokudai. Benki inalinda fedha zake na haina kosa. Wewe linda nyumba. Na kila mwaka kabla ya kuhuisha, ulizia upya bei ya saruji, nondo na bati, kwa sababu namba ya miaka mitatu iliyopita inakurudisha kulekule kwa baba yako mdogo.

Uliza pia kama fidia ni ya kujenga upya au ni ya thamani baada ya uchakavu. Ikiwa ni ya pili, bati la miaka kumi watalilipa kama bati la miaka kumi, na dukani utauziwa jipya.

Bima wanayotaka benki mara nyingi ni ile ya moto. Kiini chake ni moto na radi, mengine yanaongezwa kwa maandishi: tufani, mafuriko, tetemeko, kupasuka kwa bomba, ghasia, gari kugonga ukuta. Yasipoandikwa hayapo. Baba yako mdogo tufani ilikuwemo, hapo alikuwa na bahati. Kwa Dodoma, upepo na mafuriko usikubali viachwe. Tetemeko nalo liweke. Tumekaa kwenye bonde la ufa, na Bukoba waliona tarehe 10 Septemba 2016 nyumba za tofali zinavyofanywa. Na angalia maneno kwa karibu. Mafuriko ni neno moja, maporomoko ya ardhi ni jingine. Lile tope lililoshuka mlima Hanang na kuingia Katesh tarehe 3 Desemba 2023 ungeliitaje? Maji, au ardhi? Ukiona hati imetaja moja na kulikataa jingine, uliza kabla ya kulipa, na jibu lao liwe la maandishi.

Mchwa hawalipiwi. Najua hapo Iyumbu wapo, na kenchi wanaila kimyakimya. Mchwa, kutu, unyevu unaopanda ukutani, nyufa za udongo unaovimba masika na kunywea kiangazi, vyote hivyo ni uharibifu wa taratibu, na bima ni ya ajali ya ghafla. Hata upepo ukiezua paa, mtathmini wa hasara ataangalia mbao kwanza. Akikuta zimeliwa, atasema paa lilikwisha kabla ya upepo. Kwa hiyo mpulizie dawa, na muulize fundi kama mbao ya juu ya ukuta imefungwa kwa vyuma vilivyozamishwa kwenye linta, au imelazwa tu na kupigiliwa misumari. Kule Nkuhungu ilikuwa imelazwa tu.

Vitu vya ndani vina bima yake. Ya benki inaishia kwenye kuta na paa, ndiyo sababu makochi na kabati la mama yako mdogo havikulipwa hata senti. Pita chumba kwa chumba na simu, piga picha, andika kila kitu na bei yake ya leo, kisha picha zitume kwa mtu mwingine ili zisiungue pamoja na simu. Kompyuta, vito na televisheni kubwa mara nyingi hutakiwa kuorodheshwa kimoja kimoja. Wizi hulipwa pale penye alama za kuvunja. Mlango ulioachwa wazi ni shida. Friji kuungua umeme unaporudi kwa nguvu, uliza, maana hati nyingi hukataa.

Kwenye fomu kuna maswali mengine watu hupita haraka. Kuta za nini, paa la nini, jiko la nje limeezekwa kwa nini. Nyumba inatumika kwa nini. Mkeo akifungua saluni chumba cha mbele, au ukipangisha banda la uani, waandikie. Nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku zilizotajwa, mara nyingi 30, kinga nyingine husimama, kwa hiyo mkija huku likizo ndefu aachwe mtu. Na ukiulizwa kama umewahi kupata hasara, sema. Jibu la uongo kwenye fomu linaweza kuua dai zima, hata kama halihusiani na kilichoungua.

Sasa kampuni. Mwanangu, nimeandika jina moja hapa nikalifuta, nikaliandika tena nikalifuta. Ninayo niipendayo. Lakini kampuni iliyolipa vizuri madai ya magari miaka mitano iliyopita inaweza kukusumbua leo kwenye nyumba, na wewe ukimfuata mama yako kwa jina utaacha kusoma hati. Kwa hiyo jina silitaji, ingawa moyo unanisukuma. Angalia kwanza kama ina leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Makao makuu yao yako hapo hapo Dodoma, huna kisingizio. Ukishalipa, hakiki bima yako kwenye mfumo wao wa TIRA MIS, na kumbuka kwamba bila ada kulipwa bima haijaanza, hata kama umepewa karatasi yenye mhuri. Uliza madai yanaamuliwa tawini Dodoma au yanapelekwa Dar es Salaam. Uliza kwa maandishi ile sehemu ya hasara utakayobeba mwenyewe ni kiasi gani kwa kila janga, kwa sababu ada ndogo hujificha humo. Na jua unaongea na nani: wakala anaiwakilisha kampuni, dalali anakuwakilisha wewe, na afisa wa benki anayekuuzia bima naye yuko upande wa kampuni.

Je, uikubali ya benki? Nusu yangu inasema ikubali: mambo yanaenda haraka, ada inakatwa pamoja na rejesho, hutasahau kuhuisha. Nusu nyingine inasema omba orodha ya kampuni wanazozipokea, pata bei tatu, wiki moja haiui mtu. Nadhani nusu ya pili ina nguvu zaidi. Lakini ukikubali ya benki ukiwa umebadilisha ile 60,000,000 na kuongeza vitu vya ndani, sitagomba.

Likitokea la kutokea, piga simu kampuni siku hiyohiyo, kisha fuatisha kwa maandishi. Moto ni 114, na chukua ripoti ya Zimamoto. Wizi, chukua RB polisi, ile namba ya taarifa yako kituoni. Piga picha kabla ya kugusa, halafu funika kwa turubai, kwa sababu mvua ya siku ya pili ikiharibu zaidi watasema ulizembea. Risiti ya turubai itunze. Mabati yaliyopinda usiyatupe wala kuyauza chakavu mpaka mtathmini aje. Mpe profoma, yaani makadirio ya bei, za mafundi wawili. Mwishoni utaletewa karatasi ya kukubali malipo. Ikiandikwa kuwa ni malipo kamili na ya mwisho na wewe hujaridhika, usisaini. Waandikie kampuni malalamiko, wakikaa kimya nenda TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Baba yako mdogo alisaini. Alileta hati huku kwenye bahasha ya kaki akiwa ameshamaliza kusaini. Je, walimdhulumu? Kwa hati, hapana. Lakini yule wakala aliijua kanuni ya wastani, aliiona nyumba kwa macho yake, na bado aliandika 36. Kwa upande mwingine, mtu mzima amesaini. Lakini nani angemwambia? Mimi niliyekuwa najua nilikuwa safari ya saa chache tu kutoka kwake, na hakuna aliyeniuliza. Hili naliacha, nimeshindwa kuliamua kwa miaka yote hii.

Omba benki wakupe fomu tupu, uipige picha kurasa zote na unitumie kabla hujaandika kitu. Na vipimo vya nyumba nitumie pia, vya nje ya kuta, baraza ya mbele ikiwemo.

Mama yako