Kuipeleka Subaru Impreza iliyobadilishwa kutoka Dar hadi Mbeya: anza na haya

Mkuu, umesema una Impreza ya tabo (turbo) iliyoshushwa springi, rimu za inchi 18, breki kubwa za mbele, na mwezi ujao unaipeleka Mbeya na shemeji na watoto wawili. Umeuliza oili gani uweke. Oili ni jambo dogo: mwaga ya zamani, weka ileile gari limezoea, beba na ya akiba, maana injini yake, EJ20 yenye tabo, hunywa oili ikikimbizwa muda mrefu. Mimi naogopa vitu vingine.

Kuanzia leo usifunge kifaa kipya chochote. Klipu iliyolegea ijulikane ukiwa mjini karibu na fundi wako, si Ruaha Mbuyuni. Nilichoona kwa magari ya namna hii ni kwamba kile kifaa cha bei kubwa mara nyingi hakina tatizo. Shida iko pale kilipoungana na cha kiwandani: klipu ya hosi ya tabo, waya wa geji uliofungwa kwa selotepu, bolti za ekzosi. Shika kila hosi kwa mkono wako, izungushe uone kama inacheza.

Halafu lijaribu likiwa na mzigo. Nafasi kati ya tairi na fenda unayoiona gari likiwa tupu sio utakayokuwa nayo safarini. Pakia familia yote na mabegi, jaza tangi, nenda Kibaha urudi, pita kwenye matuta. Ukifika nyumbani vua tairi za nyuma, papasa ndani ya fenda. Ukikuta chuma kinang'aa au bega la tairi limekwanguliwa, rudisha springi za kiwandani kwa safari hii. Kwa safari ya watoto mimi ningezirudisha hata bila kukuta alama. Matuta ya Mikumi peke yake yanatosha.

Tairi, soma namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata (meno ya tairi) nzuri isikudanganye, mpira uliozeeka hupasuka kwa joto.

Sasa spea, hapa wengi hawafikirii kabisa. Kama ni ile nyembamba ya kiwandani, ifunge mbele leo, nyumbani, uizungushe. Kwa breki kubwa kuna uwezekano rimu yake ikagusa kalipa (kile kinachobana pedi za breki) na isiingie. Ikigoma, tafuta spea nyingine yenye kimo sawa na tairi zako, kwa sababu gari linalovuta magurudumu yote manne linaumia difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) ukichanganya vimo. Kama una nati za ufunguo maalumu, ufunguo ukae ndani ya gari. Ukifika Chalinze, kaza nati zote tena.

Mlima Kitonga ndipo gari litapimwa. Kwenda utapanda nyuma ya lori linalotambaa, upepo hakuna, kwa hiyo rejeta inategemea feni. Mchana wa jua kali paki, washa eisii, simama mbele yake hadi uone feni zote mbili zinafanya kazi. Ukisimama baada ya mlima, acha injini iungurume dakika moja au mbili ndipo uzime, tabo ipoe. Kurudi utashuka na breki zitachemka. Mafuta ya breki hunyonya unyevu: ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230, yaliyokwisha kunyonya maji yanaweza kuchemka kwenye 155, na hapo pedali inazama hadi chini. Badilisha yote kabla ya safari, na ushuke kwa gia ndogo.

Na kama hujui belti ya taimingi ilibadilishwa lini, ibadilishe sasa pamoja na pampu ya maji na rola za belti. Kwenye injini hiyo belti ikikatika, vavu zinagonga pistoni.