Ukija kufuga bakteria wa maji moto

Wewe unayeripoti maabara wiki hii, weka kando mazoea ya bakteria wa nyuzi 37, joto la mwili. Hawa wetu joto ndilo chakula chao cha pili. Thermus aquaticus, ambaye Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walimtoa kwenye chemchemi za Yellowstone, Marekani, hustawi kwenye nyuzi 70 hivi. Mweke kwenye 37 uone: atakaa tu.

Mimi nilianza vibaya. Nilikuwa nimetoka Ziwa Bogoria na chupa za tope la chemchemi za Loburu, pale wageni wanapochemsha mayai. Nikamwaga agari, ile rojo inayoganda ya kuoteshea bakteria, kwenye sahani kama nilivyofunzwa, nikapanda, nikaingiza kwenye inkubeta, yaani kabati la joto, ya nyuzi 70, nikakimbilia matatu. Ilikuwa Ijumaa. Jumatatu nakuta agari imejikunja kama ganda la kitunguu, imekauka kabisa. Wiki mbili nzima nikawa nalaumu tope! Sasa sahani zangu hukaa ndani ya mkebe wa chakula wenye mfuniko, na kitambaa kilicholowa chini yake. Ukienda juu zaidi ya nyuzi 70 achana na agari, italegea; tumia gelani, kigandishi kinachostahimili moto, na usisahau magnesi, la sivyo haigandi.

Wanawezaje kuishi kwenye moto huo? Rudi kwenye lile yai. Ute unakuwa mweupe kwa sababu protini zimefumuka na kushikamana ovyo. Protini za hawa zimekunjwa zikabana, na sehemu zenye chaji chanya na hasi zinashikana kwa wingi kuliko zetu, kwa hiyo kufumuka si rahisi. Utando wa seli nao una mafuta ya aina ya mgando, siyo ya maji; kwenye joto hilo yanalainika kiasi cha kutosha bila kumwagika.

Sasa otoklevu, chungu cha presha cha kuulia vijidudu, maana hapa wengi huumia. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu nyuzi 94. Usiniambie umechemsha kitu kwenye sufuria ukaua kila kilichomo. Na kwenye otoklevu soma joto, usisome presha: paundi 15 za kwenye mshale zinakupa nyuzi 121 kule Mombasa, hapa hazikufikishi. (Ipo arkea, kijidudu kinachofanana na bakteria ila cha ukoo mwingine, iliyotangazwa 2003 inayokua kwenye hiyo 121. Hiyo haitakusumbua, lakini inakufundisha adabu.)

Ukiandaa chakula cha hawa bakteria, soda ya magadi ipikwe kwenye otoklevu peke yake na sukari peke yake, uchanganye baadaye zikipoa. Ukizipika pamoja utapata rangi ya chai.

Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya, kishughulikie mapema, kabla hujakodi gari.

Sampuli zibebe kwenye chupa ya chai, zifike zikiwa bado na moto. Iandike SAMPULI kwa herufi kubwa, pande zote mbili. Yangu ya kwanza niliikuta jikoni, imesuuzwa vizuri, imejaa chai ya saa nne.