Kabla hujanunua draivu nyingine: laptopu kuukuu inayokataa kuwaka kwa CD

Kwetu huku kusini mjomba akikuita unakwenda, maswali utauliza ukishafika. Wangu alinipigia Jumamosi asubuhi kutoka Mikindani. Nikamwamkia, akaitikia haraka haraka: "Marahaba, mpwa wangu. Ile mashine imegoma, na humo ndimo yalimo mahesabu yangu yote."

Mjomba alikuwa karani wa chama cha msingi kwa miaka mingi. Amestaafu, lakini bado anaandika kila kilo ya korosho inayotoka shambani kwake, msimu kwa msimu, kwenye laptopu inayokaribia umri wa mjukuu wake mkubwa. Windows ilikuwa ikifika nusu inajizima. Nakala nyingine ya mafaili hakuna popote, kama kawaida yetu.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Niiwashe kwa CD ya Puppy Linux, mfumo mdogo unaoenea kwenye CD ya MB 700 na nafasi ikabaki. Unajipakia kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, na kufanya kazi bila kutegemea diski kuu, kwa hiyo ningehamishia mafaili kwenye flashi nikarudi zangu Shangani kabla ya adhuhuri. Kuiwasha kwa flashi moja kwa moja haikuwezekana; mashine ile wakati wa kuwaka haina habari kabisa na USB. Nikaweka CD. Ikazunguka, ikanyamaza, na ile Windows mahututi ikajitokeza tena.

Nikahukumu pale pale: draivu, kile chombo kinachosoma CD, imekufa, imeliwa na chumvi ya bahari. Nikaagiza iliyotumika kutoka Dar, ikaja kwa basi, shilingi 35,000 pamoja na nauli ya mzigo. Nilipochomoa ile ya zamani nikakuta mkia wake ni wa IDE, kiunganishi cha zamani, ule wenye pini 50. Niliyonunua ni SATA, kiunganishi cha kisasa zaidi. Haziingiliani hata ukipiga magoti. Mjomba aliitazama draivu, akanitazama mimi, akaenda kuchemsha chai.

Basi sikiliza. Draivu ikikataa kuwasha mashine, kuna mambo manne ambayo kwa nje yanafanana. Huenda mashine haiioni draivu. Huenda inaiona ila haiiulizi. Huenda inaiuliza, lakini jicho, yaani lensi inayosoma diski, halisomi. Au kila kitu ni kizima na CD yenyewe ndiyo haina cha kusema. Mimi niliruka mawili ya mwanzo nikaenda kununua dawa ya la tatu.

Anzia BIOS, ule ukurasa unaofunguka kabla mfumo haujaanza. Kwa laptopu nyingi ni F2. HP mara nyingi ni F10, na ThinkPad za zamani F1. Gonga kitufe mfululizo mara tu unapowasha, usingoje nembo ipotee. Ukishaingia tafuta jina la draivu kwenye orodha ya vifaa. Kama halipo, zima, chomoa waya na betri, geuza laptopu. Draivu nyingi zimeshikwa na skrubu moja tu upande wa chini. Ukiifungua, draivu inateleza nje kama mtoto wa meza. Futa viunganishi taratibu kwa kifutio cha penseli, irudishe mpaka ikae sawasawa. Wakati mwingine hilo tu linatosha, hasa kama mashine imepanda bodaboda kwenye barabara mbovu.

Jina likiwepo, angalia mpangilio wa kuwaka. CD iwe juu ya diski kuu. Au acha mpangilio kama ulivyo na utumie menyu ya mara moja: F12 kwa Dell, Toshiba na Lenovo nyingi, Esc au F9 kwa HP. Acer nayo ni F12, ila mara nyingi lazima kwanza uiruhusu menyu hiyo ndani ya BIOS.

Hapa ndipo mashine ya mjomba ilipokuwa imenificha siri. Draivu ilionekana vizuri, na jina lake lilikuwapo tangu mwanzo. Nikapandisha CD juu, nikahifadhi, nikazima. Betri ya laptopu ilikufa zamani, kwa hiyo mjomba akimaliza kazi huchomoa waya, na akisahau kuchomoa, umeme wenyewe unakatika. Niliporudi baada ya chai, diski kuu imerudi juu. Nikapandisha tena. Nikachomoa waya, nikachomeka, ikarudi tena. Ndipo nikaitazama tarehe pale pembeni: Januari mosi ya mwaka ambao mjukuu wa mjomba alikuwa bado hajazaliwa.

Ile ni dalili ya kibetri cha CMOS, kidonge cha volti 3 kinachotunza saa na mipangilio ya BIOS wakati mashine haina umeme mwingine wowote. Kikiisha, mashine nyingi za zamani husahau kila kitu na kurudia mpangilio wa kiwandani. Mara nyingi ni CR2032, ile ile inayouzwa kwenye maduka ya saa. Kwenye laptopu wakati mwingine kimevikwa plastiki na kuwekwa waya mwembamba, basi mpelekee fundi kile cha zamani akitazame. Na kama una haraka, huna hata haja ya kukibadilisha kwanza: panga BIOS, hifadhi, iache mashine ijiwashe upya yenyewe bila kuchomoa waya. Ningejua hivyo siku ya kwanza ningekuwa na 35,000 yangu.

Sasa jicho. Hapa tumia masikio. Draivu nzima ikipewa CD huanza na mvumo unaopanda, inatulia, kisha unasikia mikwaruzo midogo ya kusoma. Inayoshindwa hupanda, tik tik, inashuka, inapanda tena, tik tik, halafu kimya. Kwa sisi tunaokaa karibu na maji, utando wa unyevu na vumbi kwenye lensi ni jambo la kawaida. Zima mashine, vuta trei, chukua pamba ya masikio na tone moja la spiriti, pangusa kile kioo kidogo bila kukandamiza, acha kikauke. Usitumie pafyumu. Nimekutana na mtu aliyetumia pafyumu. Draivu ilinukia vizuri na haikusoma tena.

Jua pia kwamba draivu ya DVD ina miale miwili: wa CD wa nanomita 780, usioonekana kwa macho, na wa DVD wa nanomita 650, mwekundu. Mmoja unaweza kuchoka mwingine ukabaki mzima. Kwa hiyo usiseme "inapiga taarabu vizuri, basi ni nzima" wakati unachotaka ni iwake kwa DVD. Jaribu kwa diski ya aina ile ile.

Mwisho ni diski yenyewe, na hapa ndipo tulipokwama tena na mjomba, maana hata baada ya mpangilio kukaa sawa, CD ilisomwa ikapitwa. Kijana aliyenichomea alichukua faili la ISO, yaani taswira ya diski nzima ndani ya faili moja, akaliburuta kwenye CD kama anayechoma nyimbo. Iweke CD kwenye kompyuta nyingine: ukiona faili moja tu linaloishia na .iso, imechomwa vibaya. Inatakiwa uone mafaili na folda kadhaa. Programu ya kuchomea iambiwe ichome taswira ya diski, tena kwa kasi ndogo. Na usitumie CD-RW, ile ya kufuta na kuandika tena, kwa mashine kuukuu. Inaakisi mwanga kidogo, na jicho lililochoka halihangaiki nayo.

Kwa wanaoweka Windows: diski ikianza kusomwa hutokea mstari mmoja mweupe unaokutaka ubonyeze kitufe chochote. Usipobonyeza ndani ya sekunde chache, mashine inakwenda zake kwenye diski kuu, nawe unalaumu draivu. Na kama laptopu ilitoka na Windows 8, yaani kuanzia mwishoni mwa 2012, huenda Secure Boot, ulinzi unaozuia mifumo isiyotambuliwa kuwaka, ndiyo inayokataa diski yako ya zamani; izime kwenye BIOS na uruhusu Legacy, namna ya zamani ya kuwaka.

Nilichoma CD nyingine kwa kasi ya 8x. Puppy ikafunguka, mafaili yote yapo, nikayanakili mara mbili, flashi moja yake na moja yangu. Mjomba akafungua jedwali la msimu uliopita, akapitisha kidole kwenye kioo, safu kwa safu, akaganda kwenye mstari mmoja.

"Hapa niliandika kilo 412," akasema. "Stakabadhi inasema 421."

Akaenda kutafuta miwani.