Ukigeuze upande wa pili kwanza

SWALI: Shikamoo Mama. Baada ya arobaini ya bibi tulifungua sanduku lake la bati, tukakuta kitambaa cheupe kimekunjwa mara nne. Kimedariziwa kwa uzi mwekundu: herufi A mpaka Z, tarakimu, ndege wawili, na chini kabisa V.M. 11 MUANSA. Bibi aliwahi kuniambia ni cha mama yake, alikishona akiwa msichana misheni. Kina madoa ya rangi ya chai na kinanuka unyevu. Nataka nikifue, nikigandishe kwa gundi kwenye ubao, nikitundike sebuleni mkabala na dirisha la upande wa ziwa. Kaka anasema nisijisumbue, ni kazi ya mtoto tu, hata jina la mji kakosea. Wewe unasemaje? — Msomaji, Kirumba

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba.

Beseni liweke chini kwanza. Mimi nilikuwa na foronya aliyoidarizi marehemu mama yangu, maua mekundu na neno "Karibu". Nikaitumbukiza kwenye maji na sabuni ya unga, nikageuka kuepua sufuria. Niliporudi maji yalikuwa ya waridi, na maua yalikuwa yamevuja mpaka pindoni. Hakuna fundi aliyeweza kunirudishia. Uzi wa zamani huwezi kujua rangi yake imeshikaje mpaka umeshauharibu. Madoa ya chai yaache, hayakidhuru kitambaa kama utakavyokidhuru wewe kwa kuyasugua.

Sasa kaka yako. Mwambie mtoto hakukosea. Wajerumani ndivyo walivyouandika mji huu wa Mwanza, Muansa, hata kwenye mihuri ya posta, mpaka Waingereza walipouchukua mwaka 1916. Neno hilo peke yake si cheti cha kuzaliwa, maana mwalimu anaweza kuendelea na tahajia aliyoizoea. Lakini ukiliunganisha na maneno ya bibi yako, naamini umeshika kitu cha zaidi ya miaka mia moja. Reli ilikuwa bado haijafika Mwanza, ilifika 1928. Bidhaa nyingi za siku hizo zilishushwa Kisumu, ambako reli ilifika 1901, zikavuka ziwa kwa meli. Yaelekea hata kibunda kile cha uzi mwekundu kilikuja kwa maji.

Umesema herufi ni A mpaka Z. Tazama kama Q na X zimo. Kiswahili hakizihitaji. Zikiwemo, basi alikuwa ananakili kielelezo cha kigeni, akahesabu nyuzi na kupiga misalaba midogo midogo kwa ajili ya herufi ambazo huenda hakuziandika tena maishani.

Kuhusu 11, usikimbilie kusema ni umri. Huko Ulaya wasichana walifundishwa kudarizi herufi na tarakimu kwa sababu ya kazi: kutia alama mashuka na nguo zisipotee kwenye kufua. Wamisionari wakaja na somo hilo hilo. Huenda 11 ni namba yake ya bwenini. Moyo wangu unaegemea umri, ila waulize wazee wa ukoo kabla hawajatutoka nao.

Na hilo la "kazi ya mtoto tu" limeniuma. Kule London, kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert, wamehifadhi kitambaa cha Jane Bostocke cha mwaka 1598, na kingine ambacho mimi nikikifikiria hukaa kimya. Ni cha Elizabeth Parker, msichana wa Sussex aliyezaliwa 1813. Kwa uzi mwekundu mtupu, bila ua wala ndege, alidarizi habari zake: anaanza kwa kusema hajui kuandika, anaeleza alivyoteswa na bwana aliyekuwa akimtumikia nyumbani, na alivyotaka kujiua. Sentensi ya mwisho inakatika katikati, na chini yake kitambaa kimebaki kitupu. Hakufa wakati ule. Alikuja kuwa mwalimu, akaishi mpaka 1889. Tungemjulia wapi kama mtu angesema ni kazi ya mtoto tu?

Basi fanya hivi. Kitandaze kivulini juu ya shuka safi siku moja au mbili, harufu itapungua. Kata kipande cha chandarua kisichotiwa dawa, kilaze juu ya kitambaa, kisha piga vumbi taratibu kwa brashi laini juu ya chandarua. Hapo nywele za brashi hazitanasa uzi. Gundi usiiguse kabisa. Ukitaka fremu, kishikize kwa mishono michache ya uzi wa pamba juu ya kitambaa kingine cha pamba kilichofuliwa bila wanga. Kisigusane na mbao wala boksi, hivyo hutoa asidi inayokula pamba, na kioo kisikiguse, maana unyevu wa huku ziwani hutulia hapo hapo ukaleta ukungu. Dirisha la ziwani pia hapana. Lile jua la jioni linalorudi kutoka kwenye maji litaufanya wekundu wote kuwa kama vumbi. Kitundike ukuta wa ndani wa korido. Ukikosa fremu nzuri, kizungushe kwenye bomba lililofungwa kitambaa cheupe. Usikikunje tena mara nne, kitakatikia kwenye mikunjo.

Ila kabla ya yote, kigeuze. Upande wa nyuma haujaona jua, kwa hiyo utaona wekundu aliouona yeye. Fuata uzi kutoka herufi hadi herufi, utajua alianzia wapi na alirukia wapi. Kwenye picha uliyonitumia, pembeni ya S kuna vitundu vitupu, kama mahali palipofumuliwa. Mwanga ukiwa mzuri, nadhani nyuma yake utakuta S ya kwanza aliyoipiga kinyume. Ukiiona, niandikie.