Jibu: Sangara wa mishikaki anakuwa rojorojo

Habari mkuu. Umesema mishikaki ya ng'ombe uliyoilaza na papai bichi ilitoka laini, lakini sangara uliyemlaza hivyo hivyo usiku kucha kwenye friji amekuwa rojorojo, anadondoka kwenye kijiti. Usimlaumu muuzaji wa samaki wa Kirumba, Mwanza.

Utomvu wa papai bichi una kimeng'enya kinachoitwa papaini, kazi yake kukata protini. Ng'ombe ana nyuzi ngumu, anavumilia. Samaki hana, analainika upesi mno. Friji haikizimi, inakipunguzia kasi tu. Kinachapa kazi zaidi nyama ikishika joto la nyuzi 60 hadi 70, ndiyo maana anasambaratika akiwa juu ya jiko.

Kwanza angalia kama ulitia pia nanasi au tangawizi mbichi, navyo vinakata protini. Nanasi ukilichemsha, nguvu hiyo inakufa. Mimi sangara simwekei papai kabisa: chumvi, ndimu, kitunguu saumu, nusu saa, motoni. Papai mwekee ng'ombe, kijiko kimoja kwa kilo, saa moja au mbili. Na vaa glavu unapolimenya, utomvu unawasha ngozi.