Maswali ya Wasomaji: Kupiga Picha ya Ua Lililo Kali kutoka Mbele hadi Nyuma

SWALI: Ndugu mwandishi, kwenye baraza ya nyumba yetu hapa Lushoto nimeotesha Saintpaulia, lile ua dogo la zambarau lenye asili ya milima yetu. Nikilipiga picha kwa lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, chavua ya manjano iliyo katikati huonekana vizuri, lakini petali za nyuma hufifia. Nimejaribu kupunguza tundu la lenzi hadi f/22. Petali zimeonekana, ila picha nzima imekuwa kama ina ukungu. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, tatizo lako hutokea kila tunapokisogelea kitu kidogo. Kwa kamera yenye sensa (kipande kinachopokea mwanga) ya ukubwa wa filamu ya milimita 35, ukilipiga ua kwa ukubwa wake halisi, yaani taswira yake kwenye sensa ilingane na ua lenyewe, na tundu la f/8 (namba ya f ikikua, tundu hupungua), sehemu itakayoonekana kali, yaani dhahiri bila kufifia, ina kina cha takriban milimita 1 tu. Kupunguza tundu huongeza kina hicho, lakini mwanga unaopita katika tundu jembamba mno hutawanyika na kufuta mistari midogo ya petali. Kwa ukaribu huo, f/22 yako ilifanya kazi kama f/44, na huo ndio ukungu uliouona.

Njia inayofaa ni kubaki kwenye f/5.6 au f/8, kupiga picha nyingi huku ukisogeza fokasi, yaani mahali lenzi inapoonyesha kwa ukali, kidogo kidogo kutoka mbele kwenda nyuma, kisha kuzikabidhi kwa programu ya kompyuta ambayo huchukua kutoka kila picha sehemu iliyo kali na kuziunganisha kuwa picha moja. Hesabu yake si ngumu. Tuseme kutoka chavua hadi ukingo wa petali ya nyuma kuna milimita 10. Ukiwa kwenye f/8, kila hatua isizidi milimita 0.7 ili kila picha ipandane kidogo na inayofuata, hivyo utahitaji kama picha 15. Ongeza chache kabla ya ncha ya mbele na chache baada ya ukingo wa nyuma, kwa sababu pengo moja katikati ya mfululizo huacha mstari uliofifia ambao hakuna programu inayoweza kuurekebisha.

Wengi hujishughulisha na kamera na kuusahau mwanga, ingawa kwa maoni yangu mwanga ndio unaoamua kama kazi hii itafaulu. Saintpaulia ni ua la kivulini. Kabla afisa wa kikoloni wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, hajalipeleka Ujerumani, ambako mtaalamu wa mimea Hermann Wendland alilipa jina la kisayansi mwaka 1893, lilikuwa likiota kwenye miamba yenye unyevu chini ya miti mikubwa ya misitu ya Usambara, na huko bado liko, ingawa misitu yenyewe imepungua sana. Kulipiga kwa mwanga laini ni kulionyesha katika hali yake ya asili. Tena petali zake humetameta zikipigwa na jua kali, na programu, ambayo hutambua ukali kwa kutafuta tofauti za weupe na weusi, huweza kudhani vimeto hivyo ni sehemu kali za ua na kukujazia madoa ambayo jicho halikuyaona.

Mwanga huwa laini pale chanzo chake kinapokuwa kikubwa kikilinganishwa na kitu kinachopigwa. Anga lililofunikwa na mawingu ni chanzo kikubwa kuliko vyote, na ukungu wa asubuhi wa Lushoto ni zawadi ambayo wapiga picha wengi wa pwani wangeitamani. Siku ya jua, amka mapema, kwa kuwa katika nchi zetu jua hupanda haraka na kufikia saa tatu asubuhi vivuli vimekwisha kuwa vikali. Ukichelewa, tandaza kitambaa cheupe chepesi cha pazia kati ya jua na ua. Kadiri kitambaa kinavyolikaribia ua, ndivyo mwanga unavyolainika. Upande wa kivuli simamisha karatasi nyeupe ili irudishe mwanga kwenye ua.

Mwanga huo lazima pia usibadilike tangu picha ya kwanza hadi ya mwisho. Weka ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga), kasi ya shata (muda wa kuingiza mwanga), tundu na mizani ya weupe (mpangilio wa rangi ya mwanga) kwa mkono, usiiachie kamera ichague. Wingu likipita katikati ya kazi, anza upya. Upepo nao ni adui: kwa kuwa ua lako liko kwenye chungu, lisogeze ndani karibu na dirisha lisilopigwa na jua, funga milango, weka kamera kwenye stendi imara, na tumia kipima muda ili kidole chako kisiitikise.

SWALI: Mimi ni msomaji wa Mombasa. Nimeunganisha picha za haibiskasi, lakini kandokando ya kile kijiti kirefu cha katikati kumetokea ukungu kama kivuli. Kosa liko wapi?

JIBU: Kijiti hicho kimetokeza mbali mbele ya petali. Fokasi ikiwa kwenye petali, kijiti hufifia, hutanuka na kuficha eneo lililo nyuma yake, kwa hiyo hakuna picha hata moja katika mfululizo wako inayoonyesha eneo hilo likiwa kali. Hamia pembeni ili kijiti kilale sambamba na uso wa kamera, na sehemu kubwa ya tatizo itaondoka. Katika Zerene Stacker, mojawapo ya programu za kuunganisha picha, jaribu njia ya PMax, inayomudu vizuri vitu vinavyokatizana. Njia ya DMap hutunza zaidi rangi na ulaini wa petali, na unaweza kuchukua petali kutoka picha ya DMap na kijiti kutoka ya PMax. Fanya kazi hii asubuhi, kwani ua la haibiskasi kwa kawaida hudumu siku moja tu.

SWALI: Je, ni lazima ninunue kamera mpya?

JIBU: Hapana. Ni kweli kwamba baadhi ya kamera, kama Nikon D850 ya mwaka 2017, husogeza fokasi zenyewe, na jambo hilo huokoa muda. Hata hivyo, lenzi yoyote ya makro yenye pete ya fokasi inatosha, mradi uizungushe polepole bila kuisukuma kamera. Kwa kuunganisha, ukiwa na Photoshop huhitaji programu nyingine. Usipokuwa nayo, Hugin (ya kupanga picha zilingane) na Enfuse (ya kuziunganisha) hupatikana bure. Anza na ua bapa, kama petunia, kabla ya kujaribu waridi lenye petali nyingi.