Acheni Tundu la Ndoano Lipumue

Wadogo zangu mnaoanza kufunga nzi, yaani chambo bandia cha uzi na manyoya kinachofungwa kwenye ndoano ya kuvulia samaki, vichwa vya nzi wenu vimenenepa tena. Kila kundi jipya likileta kazi mezani, mwili wa nzi ni mzuri, mkia mzuri, halafu tundu la ndoano limezibwa. Nawapenda, ndiyo maana nasema kwa ukali.

1. Kichwa. Tumchukue nzi aitwaye Woolly Bugger, mweusi, ndoano ndefu namba 8, uzi wa unene wa 6/0, kwa kuwa wengi wenu mnaanza naye. Kosa hili tumelifanya sote, na linauma kwa sababu linajitokeza mwishoni kabisa, vifaa vyote vimeshatumika. Lakini linazaliwa kwenye mzunguko wa kwanza wa uzi. Anayeanza huanzia palepale penye tundu, maana anauona mti wa ndoano mrefu na nafasi tele. Anarudi nyuma hadi juu ya kijino, ile ncha ndogo ya nyuma inayozuia samaki asichomoke, anafunga mkia, anafunga waya, anafunga shenili, ule uzi mnene wenye manyoya wa kufanyia mwili. Shenili inakuja mbele, nene na laini, inajaa vizuri, na mkono hautaki kusimama mpaka igote tunduni. Sasa unyoya wa jogoo ukae wapi? Anaubana juu ya shenili. Uzi unapanda mlima na kuteleza, anaongeza mizunguko kuuzuia, kichwa kinakuwa kama njugu, na fundo la kumalizia linavuka mbele ya tundu na kuchomoka. Anamimina rangi ya kucha ili ishike. Rangi inaingia tunduni na kukauka humo.

Nzi huyo akifika mto Gura au Thiba, huko Kenya, asubuhi ya baridi, vidole vimekufa ganzi, mshipi haupiti. Mvuvi anazibua kwa ncha ya ndoano nyingine, anafanikiwa, anafunga. Fundo la mshipi halikai juu ya chuma, linakaa juu ya uzi wenu na kuusugua. Baada ya kurusha mara kadhaa, kichwa chote kinafumuka.

Kwa hiyo, anzeni uzi nyuma ya tundu, umbali wa matundu mawili. Piga mizunguko mitano, kata kishungi, tazama: chuma kilichobaki wazi mbele ni cha kichwa, hakiguswi. Shenili isimame milimita tatu kabla ya tundu, hata kama imebaki nyingi mkononi. Unyoya ufungwe hapo mbele, uzungushwe kurudi nyuma mara tano au sita, unaswe na waya penye mkia. Kisha waya uje mbele ukipenya kati ya nyuzi za unyoya, huku ukiutikisa kushoto na kulia ili usizilaze. Msiuruke waya, jamani. Meno ya trauti, samaki tunayemvua, hukata mti wa unyoya, na bila waya unyoya wote hufunguka kwa samaki mmoja. Ukifika mbele, ufunge mizunguko minne, uupinde huku na huku ukatike wenyewe. Mkasi mzuri usiutumie kukata waya. Fundo la kumalizia, mizunguko mitano. Rangi ya kucha, tone moja kwa ncha ya sindano. Kabla haijakauka, chukua mti wa unyoya uliochunwa, uupitishe tunduni, uuvute utokee upande wa pili. Utatoka na utando mwembamba unaong'aa. Inua nzi kwenye taa: lazima uone mwanga tunduni.

Aliyekwisha kujaza mbele asisukume kwa kucha. Afumue.

2. Mkia. Urefu wake ni urefu wa mti wa ndoano, basi. Ukizidi, samaki anauma manyoya na ncha haimfikii. Manyoya haya laini, yanayoitwa marabu, siku hizi ni ya bata mzinga. Yakiwa makavu yanadanganya macho, kwa hiyo lowesha vidole uyabane kwanza ndipo uone unene wa kweli. Na kwa wanaofunga kwa kuuza: trauti waliletwa Gura mwaka 1905, na leo nzi wa Kenya huuzwa nje kwa dazeni. Dazeni ni nzi kumi na wawili wanaofanana kama mapacha. Kata mikia yote, waya zote na shenili zote kabla ya kufunga wa kwanza, na hesabu mizunguko kwa sauti. Anayepima upya kila mara, wa kumi na mbili hamjui wa kwanza.

3. Uzi unakatika? Angalia kama unagusa ncha ya ndoano. Kisha pitisha kipande cha soksi ya nailoni kwenye mdomo wa bomba la bobini, kile kishikio cha kibiringo cha uzi. Ikinasa, pana ukali hapo, badilisha. Bobini ining'inie sentimita nne tu chini ya ndoano.

4. Manyoya ya jogoo wa nyumbani yanafaa sana. Yaoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, yakauke kabisa, yafunge kwenye mfuko, yakae friza siku kadhaa. Yatoe siku moja au mbili, uyarudishe tena, maana mayai ya nondo huweza kustahimili baridi ya kwanza. Mfuko mmoja wenye nondo unamaliza sanduku zima.

5. Kijino kiminywe kwa koleo kabla hujafunga chochote. Chuma kibovu huvunjika hapo, na utakuwa umepoteza ndoano tupu.